Mimba iliyotafutwa kwa tiba: Haitoshi kuipata, ni wajibu kuilinda

MKOA wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, ni mkoa wa pamba, ng'ombe na watoto wengi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humu zaidi ya watu milioni mbili. Mtu anaweza kudhani kwamba katika mkoa kama huu hakuna haja ya kuzungumzia ugumba. Ukweli ni kinyume chake. Pale ambapo kila nyumba ina watoto sita au saba, nyumba isiyo na hata mmoja ndiyo inayoonekana kwa mbali.

Mwezi Aprili 2023, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kwamba takriban mtu mzima 1 katika kila 6 duniani hupatwa na tatizo la kukosa uzazi katika kipindi fulani cha maisha yake. Hakuna sababu ya kuamini kuwa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega zimeepushwa na hesabu hiyo. Wenye tatizo hili tunaishi nao, tunaswali nao na tunalima nao. Wanahangaika kimya kimya kutoka kwa mganga hadi duka la dawa, kutoka duka la dawa hadi hospitali, na wenye uwezo hufika Mwanza au Dar es Salaam. Ng'ombe wanauzwa, fedha za pamba zinatumika. Kisha siku moja Mwenyezi Mungu anajaalia, mama anapata mimba.

Hapo ndipo kosa kubwa linapofanyika. Familia inashukuru, inafunga mlango na kuhesabu kwamba safari imekwisha. Hakuna anayemwambia mkunga wa kliniki kuwa mimba hii imetafutwa kwa tiba. Hakuna aliyeweka akiba ya kumfikisha mama hospitali kubwa. Makala haya yanakusudia kuonesha, Insha Allah, kwamba mimba iliyopatikana kwa tiba ya uzazi inahitaji uangalizi wa ziada kwa mama na kwa mtoto, na kwamba kuificha kwa wahudumu wa afya ni kumweka mama katika hatari isiyo ya lazima.

Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, si daktari. Yale ya kitabibu nitakayoyaeleza ni yale ambayo yamekwisha thibiti kwa wataalamu. Kumpa mgonjwa dawa na kumpangia matibabu ni kazi ya daktari.

Kutafuta mtoto si aibu

Tuanze na dini, maana aibu ndiyo mzizi wa siri. Katika Surat Shuura (42:49-50) Mwenyezi Mungu anatufahamisha kuwa Yeye humpa amtakaye watoto wa kike, humpa amtakaye wa kiume, huwachanganyia wengine wote wawili, na amtakaye humfanya asizae. Kwa hiyo asiyezaa hana dosari ya imani wala hakurogwa kwa sababu ya ubaya wake. Nabii Ibrahim (AS) na Nabii Zakaria (AS) walifika uzeeni bila mtoto, nao ni Mitume. Nani basi ana haki ya kumcheka mke wa jirani yake?

Pili, mabedui walipomuuliza Mtume (SAW) kama wajitibu, aliwaamuru wajitibu, na akawaeleza kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa ugonjwa mmoja, nao ni uzee. Ugumba ni maradhi kama maradhi mengine. Kuutafutia tiba ni katika kufuata maelekezo hayo.

Je, na ile tiba ya kuunganisha yai na mbegu nje ya mwili, ambayo wengi huiita mimba ya maabara? Mtoto wa kwanza wa njia hiyo alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978, na tangu wakati huo wamezaliwa zaidi ya milioni 10 duniani. Wanachuoni hawakukaa kimya. Mwezi Machi 1980, Sheikh Jad al-Haq, aliyekuwa Mufti wa Misri, alitoa fatwa ya kuiruhusu kwa masharti. Mwaka 1986, Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa lilipokutana Amman, Jordan, lilipitisha msimamo kama huo: inajuzu pale yai linapokuwa la mke, mbegu za mume wake, ndoa ikiwa hai, na mimba ikabebwa na mke huyo huyo. Yai la mwanamke mwingine, mbegu za mwanamume mwingine, au tumbo la kuazima, hata likiwa la mke wa pili wa mume huyo huyo, havikuruhusiwa, kwa sababu ya kulinda nasaba.

Kwa hiyo Muislamu aliyefuata masharti hayo amefanya jambo la halali. Na jambo la halali halifichwi kwa mkunga kama mtu afichaye wizi.

Tiba zenyewe ni zipi

Watu wakisikia tiba ya uzazi hufikiria maabara za miji mikubwa tu. Ni kweli kwamba Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza wa njia hiyo mwaka 2004 na Kenya mwaka 2006, na leo huduma ipo pia Dar es Salaam. Lakini gharama yake ni mamilioni ya shilingi. Tiba ya mkulima wa Bariadi mara nyingi ni nyingine kabisa. Ni vidonge.

Vidonge vinavyojulikana zaidi ni klomifeni, ambavyo wengi huviita kwa jina la biashara, Clomid. Kazi yake ni kuvichochea vifuko vya mayai vya mwanamke vipevushe yai. Ni dawa nzuri kwa mwenye kuihitaji. Tatizo ni kwamba mwanamke huelekezwa na shoga yake, akainunua dukani bila cheti cha daktari, akaimeza mwezi baada ya mwezi bila kipimo chochote. Pengine mirija yake imeziba, na dawa ya kupevusha yai haizibui mirija. Pengine mwenye tatizo ni mume. Wataalamu wanaeleza kuwa katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hili mwanamume naye anahusika, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Lakini ni wanaume wangapi wa kwetu wanaokubali kupimwa mbegu kabla ya kumlisha mke vidonge, au kabla ya kutangaza kuoa mke mwingine?

Katika Kanda ya Ziwa kuna sababu moja isiyozungumzwa sana, nayo ni kichocho. Kichocho cha mkojo, ambacho mtu hukipata kwenye madimbwi, malambo na mashamba ya mpunga, huweza kushambulia pia njia ya uzazi ya mwanamke, kikaharibu mirija na kuleta ugumba au mimba kutunga nje ya kizazi. Magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa na maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika nayo huziba mirija vile vile. Mwanamke mwenye historia hiyo anahitaji kuchunguzwa kwanza, si kukimbilia duka la dawa.

Mbali na vidonge kuna sindano za homoni, kuna kupandikiza mbegu za mume moja kwa moja katika kizazi, na ndipo tunafika kwenye ile ya maabara. Kila moja ina faida yake, na kila moja ina mambo ya kuchungwa.

Furaha ya Kulwa na Doto

Hatari inayojulikana zaidi ya tiba hizi ni ile ambayo sisi huipokea kwa vigelegele: mapacha. Kwa Wasukuma, Kulwa na Doto ni fahari ya nyumba. Aliyekaa miaka kumi bila mtoto akapata wawili kwa mpigo, nani hatasema Mungu amemlipa?

Tushukuru, lakini tujue pia. Barani Afrika mimba za mapacha zilizokuja zenyewe hazifiki 2 katika kila 100. Kwa mwanamke aliyetumia klomifeni, zinafika kati ya 5 na 10 katika kila 100. Kwa aliyetumia sindano za homoni bila uangalizi mzuri, zinaweza kufika 30, na humo wamo wa watatu na wanne. Mwili wa binadamu kwa kawaida hubeba mmoja. Wakiwa wawili, presha ya ujauzito, upungufu wa damu, kutokwa damu nyingi baada ya kuzaa na kujifungua kwa upasuaji vyote huongezeka. Na zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya kutimia wiki 37. Wale watatu huzaliwa, kwa wastani, kwenye wiki ya 32 hivi.

Wenzetu wa nchi tajiri walijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwezi Januari 2009 mwanamke mmoja wa California, Marekani, alizaa watoto 8 kwa mara moja baada ya daktari kumwekea viinitete 12. Daktari huyo alinyang'anywa leseni mwaka 2011. Sweden ilishaweka kanuni tangu mwaka 2003 kwamba kwa kawaida kiwekwe kiinitete kimoja tu, na mapacha wa tiba wakapungua kutoka takriban robo ya uzazi huo hadi kama 5 katika kila 100. Uingereza nayo ilishuka kutoka 28 katika kila 100 miaka ya 1990 hadi 6 mwaka 2019. Hawakufanya hivyo kwa kuwachukia mapacha. Waliona wodi za watoto njiti zimejaa.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Kama nchi yenye mashine za kila aina imeona mapacha ni hatari ya kupunguzwa, sisi ambao njiti akizaliwa kijijini Meatu anahitaji gari, mafuta na barabara kavu, tuna sababu gani ya kumwomba daktari "atuwekee watatu ili gharama iwe mara moja"?

Mama anakabiliwa na nini

Hata mimba ya tiba ikiwa ya mtoto mmoja, bado ina mambo yake. Sehemu ya hatari hutokana na tiba yenyewe na sehemu hutokana na ugonjwa ule ule uliozuia mimba mwanzo. Mwenye homoni zilizovurugika huelekea zaidi kupata kisukari cha ujauzito. Mwenye uvimbe kwenye kizazi huelekea zaidi kutokwa damu. Mwenye mirija iliyoharibika huelekea zaidi kupata mimba nje ya kizazi. Na mara nyingi aliyetafuta muda mrefu ana umri mkubwa kuliko wenzake kliniki.

Siku za mwanzo, hasa kwa aliyechomwa sindano za homoni, vifuko vya mayai huweza kuchochewa kupita kiasi. Dalili zake ni tumbo kuvimba na kuuma, kutapika, uzito kupanda ghafla kwa siku chache, mkojo kupungua na kupumua kwa shida. Ile nyepesi hupoa yenyewe. Ile kali si ya kawaida, lakini huweza kugandisha damu mwilini na kuua. Mwanamke aliyechomwa sindano Dar es Salaam akapanda basi la Bariadi siku ya pili anatakiwa azijue dalili hizi kabla hajaondoka.

Kisha kuna mimba nje ya kizazi. Maumivu ya upande mmoja chini ya tumbo, damu kidogo kidogo, kizunguzungu, wakati mwingine maumivu ya bega: hilo si jambo la kulala ukisubiri asubuhi. Mrija ukipasuka, damu humwagikia tumboni isipoonekana, na mama huweza kufa kwa saa chache. Ndiyo maana aliyepata mimba kwa tiba anatakiwa kufanyiwa ultrasaundi mapema, kati ya wiki ya 6 na ya 8, kuona mimba imekaa wapi na ni ya watoto wangapi. Aliyemeza vidonge vya dukani nani atamwambia hivyo?

Baada ya wiki ya 20 linakuja tatizo kubwa zaidi, presha ya ujauzito ambayo huweza kuishia katika kifafa cha mimba. Kwa mimba za tiba presha hii hutokea mara nyingi zaidi, na kwa aliyebeba yai la mwanamke mwingine hatari hupanda mara mbili au zaidi kuliko aliyetumia yai lake. Wanachuoni walilikataza yai la kuazima kwa ajili ya nasaba. Madaktari, kwa njia yao, wamekuta lina uzito wa afya pia.

Dalili za kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo ni kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, na kuvimba uso na mikono. Habari njema ni kwamba tatizo hili linaweza kupunguzwa. Kwa mwenye hatari kubwa, daktari huweza kumwanzishia aspirini ya dozi ndogo kabla ya wiki ya 20. Lakini daktari atajuaje kama wewe ni mwenye hatari kubwa, ikiwa umemficha?

Tatu ni kondo la nyuma. Katika mimba za maabara kondo hukaa chini na kuziba njia mara nyingi zaidi kuliko kawaida. Damu itokayo miezi ya mwisho, hata isiyo na maumivu, ni ishara ya kwenda hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezea.

Tukumbuke ule ugonjwa mmoja ambao Mtume (SAW) aliueleza kuwa hauna dawa. Mwezi Novemba 2023 mwanamke wa miaka 70 kutoka Masaka, Uganda, alijifungua mapacha Kampala kwa yai la kuchangiwa. Dunia nzima ilishangilia. Wachache walisoma mstari uliosema kuwa watoto walizaliwa kwa upasuaji wakiwa na wiki 31 na wakalazwa katika mashine za joto. Teknolojia huweza kuleta mimba uzeeni. Haiwezi kuurudisha moyo, figo na mishipa ya damu katika ujana.

Mtoto anakabiliwa na nini

Kwanza tuwaondolee watu hofu. Watoto wengi sana waliozaliwa kwa tiba ni wazima, wanasoma, wanaoa na wanazaa. Yule wa kwanza wa mwaka 1978 alikua na kuzaa watoto wake bila tiba yoyote. Si kweli kwamba ni watoto "wa plastiki" au wasio na roho kamili, kama baadhi ya wajinga wasemavyo.

Pamoja na hayo, mtoto mmoja wa mimba ya maabara ana uwezekano wa karibu mara mbili wa kuzaliwa njiti au na uzito mdogo kuliko wa mimba iliyokuja yenyewe. Kasoro za kuzaliwa nazo huongezeka kidogo: pale ambapo kwa kawaida ni watoto kama 3 katika kila 100, kwa wa maabara ni kama 4. Ongezeko hilo ni dogo, lakini ni sababu tosha ya kufanya vipimo vya mimba kwa wakati na kumkagua mtoto vizuri anapozaliwa.

Unjiti ndio tatizo zito. Duniani kote, kuzaliwa kabla ya wakati na matatizo yake ndiyo sababu ya kwanza ya vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano. Njiti hupoteza joto, hashindi kunyonya, mapafu yake hayajakomaa. Hata hivyo dawa zipo, na nyingine hazina gharama. Mama anayeelekea kujifungua mapema huweza kuchomwa sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, ilimradi awe amefika hospitali kabla ya kuzaa. Baada ya kuzaa, kumweka mtoto kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, ile huduma ya Kangaruu, na kumpa maziwa ya mama hata kwa kijiko, kumeokoa maelfu. Baba naye ana kifua. Si aibu kwa mwanamume wa Kisukuma kumpa joto mwanawe.

Siri inayoua

Sasa turudi kwenye siri. Kwa nini mwanamke aliyehangaika miaka minane hamwambii mkunga kuwa alitumia dawa?

Wengine huogopa maneno ya mtaani, kwamba mtoto si wa baba yake. Wengine wamekatazwa na mume, ambaye hataki ijulikane kuwa yeye ndiye aliyekuwa na tatizo. Wengine wanaogopa husuda na jicho. Jicho ni kweli, na Mtume (SAW) ametufundisha dua na nyiradi za kujikinga nalo. Lakini kumweleza mkunga faraghani, ambaye kwa kazi yake ni mwenye dhamana ya kutunza siri, si kutangaza sokoni. Mwanamke anaweza kuisitiri mimba yake kwa majirani na akaiweka wazi kwenye chumba cha kliniki. Mambo haya mawili hayapingani.

Tena hofu hiyo hiyo ya jicho ndiyo huwafanya wengi wasubiri mpaka tumbo lionekane ndipo waanze kliniki. Mimba ya kawaida inatakiwa kuanza kliniki kabla ya wiki ya 12. Mimba ya tiba haitakiwi kuchelewa hata kidogo.

Mbaya zaidi ni pale mimba hiyo inapochanganywa na dawa za kienyeji za kuongeza uchungu. Kwa mwenye mapacha au mwenye kovu la upasuaji kwenye kizazi, dawa hizo huweza kukipasua kizazi. Hapo familia iliyouza ng'ombe ili mimba ipatikane huwapoteza mama na mtoto kwa pamoja.

Mama asidhuriwe kwa ajili ya mtoto wake

Katika Surat Baqarah (2:233) Mwenyezi Mungu anazungumzia kunyonyesha, kisha anaweka kanuni kubwa: mama asitiwe madhara kwa sababu ya mtoto wake, wala baba kwa sababu ya mtoto wake. Aya hiyo hiyo inawataka wazazi wawili kuridhiana na kushauriana. Ikiwa mama anakingwa na madhara wakati wa kunyonyesha, je, si zaidi wakati wa kubeba na kuzaa, ambapo roho yake iko hatarini?

Kutokana na kanuni hiyo, familia ya Kiislamu inayotafuta mtoto kwa tiba ichunge mambo haya.

Kwanza, mume na mke wapimwe wote wawili kabla ya dawa yoyote, na dawa itoke kwa daktari. Pili, wanaokwenda maabara waulize kabla ya kulipa: vitawekwa viinitete vingapi, na ni nini kitafanyika zikitokea dalili za hatari wakiwa wamesharudi nyumbani. Waombe maelezo ya tiba kwa maandishi, waje nayo Bariadi na wayaoneshe kliniki.

Tatu, sehemu ya fedha ya tiba iwekwe kando kwa ajili ya mimba na kujifungua. Anayeuza ng'ombe watano ili mimba ipatikane asikose hata mbuzi wa kumfikisha mkewe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Nyaumata, au Bugando, Mwanza, ikibidi. Kujifungulia zahanati si mahali pa mimba ya aina hii. Mwenye mapacha aliye kijijini mbali asogee karibu na hospitali wiki za mwisho.

Nne, namba 115 ya m-mama iandikwe ukutani. Ni namba ya bure ya kuita usafiri wa dharura kwa mama mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga. Mfumo huo ulianzia Sengerema na Shinyanga, majirani zetu, kabla ya kuenezwa mikoa mingine.

Tano, mjamzito mwenye presha, kisukari au mapacha amsikilize daktari kuhusu funga ya Ramadhani. Sharia imempa ruhusa ya kula anapohofia nafsi yake au mtoto wake. Mume na mama mkwe wasimhesabie kuwa ni udhaifu wa imani.

Sita, mtoto njiti asitolewe wodini siku ya saba kwa sababu ya akika. Akika inaweza kuchinjwa nyumbani naye akiwa kifuani mwa mama yake hospitalini, na asiyejaliwa siku hiyo, wanachuoni wamempa nafasi ya kuichinja baadaye. Njiti aliyekatishwa joto hana nafasi ya pili.

Saba, baada ya kuzaa mama asiachwe. Presha huweza kupanda hata wiki kadhaa baada ya kujifungua. Na aliyehangaika miaka mingi akipata mtoto huona haya kusema amechoka au ana huzuni, maana ataambiwa: "Si ulimtaka mwenyewe?" Neno hilo lifutwe katika nyumba zetu.

Na misikiti nayo ina sehemu yake. Maimamu wazungumze khutba za Ijumaa kuhusu wanaume kukubali kupimwa. Vijana wa misikiti wachangie damu, kwa sababu damu ya kumwongezea mama haiuzwi dukani. Na kikundi cha akina mama kinachochangishana kwa ajili ya harusi hakitashindwa kuwa na mfuko wa nauli ya mjamzito.

Haya si ndoto. Takwimu za kitaifa zilionesha vifo vya uzazi Tanzania vikishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015/16 hadi 104 katika utafiti wa mwaka 2022. Kupungua huko kumetokana na juhudi: mama kufika mapema, kupimwa, kusafirishwa na kupata damu. Kufunga ngamia na kumtegemea Mwenyezi Mungu ni mambo yanayokwenda pamoja, kama Mtume (SAW) alivyomwelekeza yule bwana.

Nabii Zakaria (AS) alipomwona Maryam (AS) akiruzukiwa, alimwomba Mola wake ampe kizazi chema (3:38). Dua hiyo hatuiombi siku ya kupata mimba tu. Kizazi chema ni mtoto aliye hai, na mama aliye hai wa kumlea. Basi ewe ndugu uliyejaaliwa mimba baada ya kuhangaika, mshukuru Mola wako, na kesho asubuhi mpeleke mkeo kliniki, umwambie mkunga ukweli wote.

Wabillahi tawfiiq.